Orthodoksi, Masorti au Mageuzi: kuchagua sinagogi mtoto akiwa njiani

Nilipokuwa na ujauzito wa miezi mitano, mume wangu nami tuligundua kwamba muda wote huo tulikuwa tukizungumza habari za mtoto mmoja huku kila mtu akiwa na mtoto wake kichwani. Yeye ni Myahudi, mzaliwa wa Philadelphia. Mimi ni Mlutheri wa Machame, na katika desturi zilizonilea mtoto ni wa ukoo wa baba, jambo lisilohitaji kikao. Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mtoto wetu atazaliwa Myahudi, na kwamba kazi yangu itakuwa kujifunza nyimbo na mapishi. Yeye alijua tangu utotoni kwamba kwa sheria ya kale ya dini yake mtoto humfuata mama, na alikuwa amenyamaza kwa kuogopa nisije nikadhani kwamba ananitaka nibadili dini. Mluguru au Mmakonde angeielewa shida yetu upesi kuliko nilivyoielewa mimi, kwa kuwa kwao pia ukoo hupita kwa mama.

Miezi iliyobaki tuliitumia kutembelea masinagogi ya matawi matatu makubwa ya Uyahudi wa leo na kuketi na marabi wake. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya msomaji aliyeoa au kuolewa na Myahudi, kwa aliyezaliwa na mzazi mmoja Myahudi, na kwa anayetaka kuingia Uyahudi yeye mwenyewe, awe Mbale, Nairobi au Minneapolis. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani: swali la kwanza katika uchaguzi huu ni nani atakayemtambua mtoto wako, na Ijumaa zako jioni, Sabato inapoanza, zitakuwaje. Maswali ya imani juu ya Mungu ni mazito, lakini niliyakuta yanawagawa watu ndani ya kila sinagogi kuliko yanavyoyagawa matawi yenyewe.

Kwanza majina. Orthodoksi ya Kiyahudi haina uhusiano na kanisa la Kigiriki la jina hilo. Ni tawi linaloshika kwamba Torati iliyoandikwa na ile ya mapokeo ya mdomo zimetoka kwa Mungu, na kwamba sheria yake, halaka, inamfunga kila Myahudi. Masorti, neno la Kiebrania lenye maana ya kufuata mapokeo, ndilo jina linalotumika Israeli na Uingereza kwa tawi ambalo Marekani huitwa Konsavativu. Jina hilo la Marekani huwapoteza wengi, kwa sababu tawi lenyewe liko katikati: halaka inafunga, lakini kamati ya marabi ina mamlaka ya kuitafsiri upya kwa kizazi chake. Mageuzi ni tawi lililoanzia Ujerumani, ambako hekalu la Hamburg lilifunguliwa mwaka 1818 likiwa na kinanda na hotuba za Kijerumani. Tawi hili huweka mbele maadili ya manabii na kumwachia kila mtu, akiisha kujifunza, aamue ni amri zipi azishike.

Tofauti kubwa, basi, ni juu ya mwenye kauli ya mwisho. Kwa Orthodoksi ni sheria iliyopokewa na wafasiri wake. Kwa Masorti ni sheria pamoja na jamii inayoiishi. Kwa Mageuzi ni dhamiri ya mtu aliyefundishwa. Mengine yote yaliyomo humu yanachipuka kutoka hapo.

Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 ulikuta kwamba miongoni mwa Wayahudi watu wazima wa Marekani, asilimia 37 hujihesabu kuwa wa Mageuzi, asilimia 17 wa Konsavativu, asilimia 9 wa Orthodoksi, na asilimia 32 hawajitaji kuwa wa tawi lolote. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya waliofunga ndoa kuanzia mwaka 2010, asilimia 61 walioa au kuolewa na wasio Wayahudi. Niliposoma takwimu hiyo nilipumua, kwa sababu hadi hapo nilikuwa nikijiona kama mgeni aliyeleta tatizo ndani ya nyumba isiyo na tatizo.

Mtoto ni wa nani

Orthodoksi na Masorti wanakubaliana hapa: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka kwa utaratibu unaokubalika. Wanachotofautiana ni utaratibu upi unakubalika, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mtoto aliyenyimwa nafasi katika shule kubwa ya Kiyahudi ya London kwa sababu mama yake alikuwa ameongoka katika sinagogi lisilo la Orthodoksi. Mtoto huyo alikuwa akihudhuria ibada na baba yake ni Myahudi, lakini kwa mizani ya mamlaka ya Orthodoksi iliyoisimamia shule hakuwa Myahudi. Mahakama iliona kwamba kigezo hicho ni ubaguzi wa asili, na shule za aina hiyo zikalazimika kupima matendo ya dini, kama mahudhurio ya sinagogi, badala ya nasaba. Kesi ilibadili utaratibu wa kupokea wanafunzi; haikubadili hata kidogo jinsi marabi wa Orthodoksi wanavyohesabu nani ni Myahudi.

Mageuzi ya Marekani yalichukua njia nyingine. Mwaka 1983 marabi wake walipitisha azimio kwamba mtoto wa mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, anachukuliwa kuwa Myahudi, na kwamba jambo hilo huthibitishwa kwa matendo ya hadharani na ya wakati wake: kupewa jina la Kiebrania, kusoma Torati, kufikia siku ya bar mitzva (mvulana) au bat mitzva (msichana), mtoto anapoanza kuwajibika mwenyewe kwa amri. Watu wengi hulisoma azimio hili kama kufungua mlango tu, wakasahau nusu yake ya pili. Mtoto wa mama Myahudi aliyelelewa bila Uyahudi wowote ni Myahudi kamili kwa Orthodoksi. Kwa kipimo hiki cha Mageuzi ndiye anayebaki na swali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapa methali yetu imekaribia kuwa sheria.

Kwa mama asiye Myahudi aliye na mume Myahudi, kama mimi, hali inakuwa hivi. Katika Mageuzi mtoto wangu angehesabiwa bila ibada yoyote ya kuongoka, mradi tumlee katika Uyahudi na Uyahudi peke yake. Katika Masorti mtoto mchanga huongolewa: hupelekwa mbele ya marabi watatu na kuzamishwa katika mikve, birika la maji ya ibada, na akiwa mvulana tohara yake hufanywa kwa nia hiyo. Mama halazimiki kuongoka, ingawa wazazi huahidi malezi. Katika Orthodoksi, rabi tuliyekutana naye alitueleza kwa upole na bila kuzungusha kwamba mahakama ya marabi wake haiwezi kumwongoa mtoto atakayekulia katika nyumba isiyoshika Sabato, kwa sababu kumtwika mtu mzigo wa amri zote na kumnyima nyumba ya kuzishika ni kumdhulumu. Sikupenda jibu lile, lakini niliona kwamba lilitoka kwa mtu aliyemfikiria mtoto.

Mlango na kizingiti chake

Kwa anayetaka kuongoka mwenyewe, Kiswahili kina mtego mdogo. Kusilimu ni kwa Uislamu, kuokoka ni kwa walokole, na maneno yote mawili yanabeba dhana ya tukio la ghafla. Kuingia Uyahudi ni jambo la polepole, na linafanana zaidi na kuolewa katika ukoo: unajifunza jikoni, unajifunza majina ya wafu, unajua nani huketi wapi, na mwishoni wazee wanasema sasa wewe ni wetu.

Orthodoksi ina desturi ya kumrudisha nyuma mwombaji kabla ya kumpokea. Masomo huchukua mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi. Mwombaji hutakiwa kuhamia mtaa ulio karibu na sinagogi ili aweze kwenda kwa miguu siku ya Sabato, na mbele ya marabi watatu hukubali amri zote. Mwenye mchumba Myahudi hutazamwa kwa tahadhari, kwa kuwa marabi wanataka kujua kama angekuja bila mchumba huyo. Masorti hudai mahakama ya marabi watatu, mikve na tohara vilevile, na masomo ya karibu mwaka, lakini humpima mtu kwa mwelekeo wake kuliko kwa ukamilifu. Katika Mageuzi ya Marekani, tangu azimio la mwaka 1893, tohara na mikve si sharti. Hata hivyo marabi wengi wa leo huhimiza mikve, na nakushauri uikubali hata kama rabi hakushurutishi, kwa kuwa ni rahisi kuifanya sasa kuliko kueleza miaka ishirini baadaye kwa nini haikufanywa.

Neno moja juu ya Chabad, kwa sababu Waafrika wengi hukutana nao kabla ya kukutana na Myahudi mwingine yeyote. Kinshasa wapo tangu mwaka 1991. Ni Wahasidi, kundi mojawapo ndani ya Orthodoksi, na meza zao ziko wazi kwa ukarimu ambao sijauona kwingi. Ukarimu wa mezani lakini si utambuzi wa kisheria. Unaweza kula kwao Ijumaa hamsini na bado mtoto wako asihesabiwe kwao kuwa Myahudi, na wao wenyewe hawatakuficha hilo ukiwauliza. Uliza.

Ijumaa jioni, jikoni na mezani

Hapa ndipo matawi yanapoonekana kwa macho. Katika nyumba ya Orthodoksi tulikoalikwa, taa ziliachwa zikiwaka tangu kabla ya jua kutua, chakula kilikaa juu ya bamba la moto lililowashwa mchana, na simu zilifungiwa kwenye droo. Mwenye nyumba aliimba sura ya mwisho ya Mithali akimtazama mkewe, ile ile inayosomwa katika makanisa yetu kwenye harusi. Kisha aliwaita watoto mmoja mmoja, akawawekea mikono kichwani. Wasichana aliwaombea wawe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Mvulana aliombewa awe kama Efraimu na Manase. Nilishtuka pale mezani, kwa sababu nilikumbuka darasa la kipaimara: Efraimu na Manase walizaliwa Misri, na mama yao ni Asenathi, binti wa kuhani wa Oni. Kila Ijumaa, katika nyumba zilizo kali kabisa kwa habari ya nasaba ya mama, wavulana wanabarikiwa kwa majina ya watoto wawili wa mwanamke Mwafrika. Nilimwambia mwenyeji wetu. Alicheka kwa furaha, akaniambia kwamba wafasiri wao wamelijadili kwa karne nyingi jinsi Asenathi alivyohesabiwa, akainuka kwenda kwenye rafu, na tukakaa na vitabu hadi usiku wa manane.

Kwa Masorti meza ilikuwa ile ile na baraka zile zile, lakini wengine walikuwa wamefika kwa gari, jambo ambalo kamati ya sheria ya tawi hilo iliruhusu mwaka 1950 kwa ajili ya kwenda sinagogi. Kwa Mageuzi tulianza sinagogini kwa gitaa na nyimbo, nusu Kiebrania na nusu Kiingereza, wake kwa waume pamoja, kisha kila familia ikarudi nyumbani kufanya inavyoona inafaa. Huko niliweza kuifuata ibada. Kwa Orthodoksi sikuelewa karibu neno lolote, na bado usiku ule ndio niliousimulia nyumbani kwa simu.

Jikoni mambo ni mepesi kwetu kuliko wengi wanavyoogopa. Sheria ya kosha, yaani ya vyakula vinavyoruhusiwa, inakataza nguruwe, na samaki wasio na mapezi na magamba: kambale, pweza, kamba na ngisi hawaruhusiwi, ilhali sato na sangara wanaruhusiwa. Nyama na maziwa havikutani, wala chunguni wala mezani, kwa hiyo nyumba inayoshika huwa na seti mbili za vyombo. Tui la nazi, hata hivyo, si maziwa. Mchuzi wa kuku wa nazi ni kosha kabisa kuku akiwa amechinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi, na nyama ya halali ya duka la Kisomali haitoshi, ingawa uchinjaji unafanana. Mara ya kwanza nilipompikia mama mkwe wangu kuku wa nazi, alitazama ule weupe, akaweka kijiko chini. Kuna kanuni ya zamani kwamba anayepika nyama kwa maziwa ya lozi aweke lozi kando ya sahani ili mtazamaji asidhani anavunja sheria. Tangu siku hiyo huweka kipande cha nazi mezani, na mama mkwe hukila.

Orthodoksi hutarajia jiko zima liwe kosha, na wenye ndoa washike pia siku za kutengana wakati wa hedhi, kisha mke azame mikve kila mwezi. Masorti hufundisha yayo hayo lakini hukuta waumini wakiwa katika viwango mbalimbali. Mageuzi huacha uamuzi kwa nyumba. Jambo ambalo vitabu havikumbuki kulitaja ni kodi ya nyumba: mtaa wenye sinagogi la Orthodoksi la kwenda kwa miguu mara nyingi ni ghali, na shule za kutwa za Kiyahudi, ambazo huko ni kama wajibu, zina ada kubwa. Familia yenye kipato cha kawaida na inayotuma fedha Moshi au Kisumu kila mwezi inapaswa kulihesabu hili kabla ya kuzungumzia roho.

Harusi, talaka na kaburi

Rabi wa Orthodoksi hafungishi ndoa ya Myahudi na asiye Myahudi. Wa Masorti pia hafungishi, ingawa tangu mwaka 2018 anaruhusiwa kuhudhuria kama mgeni. Katika Mageuzi kila rabi huamua mwenyewe. Tofauti hii iliwaumiza wakwe zangu kuliko ilivyoniumiza mimi, kwa kuwa rabi aliyewalea watoto wao hakuweza kusimama chini ya hupa, kile kitambaa cha harusi.

Kwa mwanamke anayependa kushiriki ibada, historia ni wazi. Mageuzi ya Marekani yalimtawaza rabi wake wa kwanza mwanamke, Sally Priesand, mwaka 1972. Konsavativu wakafuata kwa Amy Eilberg mwaka 1985. Katika masinagogi mengi ya Orthodoksi wanawake huketi nyuma ya pazia au ghorofani na hawahesabiwi katika watu kumi wanaohitajika kwa sala ya jamaa. Tangu mwaka 2009 kuna chuo cha New York, Yeshivat Maharat, kinachowaandaa wanawake wa Orthodoksi kwa uongozi wa dini, lakini sehemu kubwa ya tawi haijakikubali. Mwanamke wa Kiorthodoksi niliyemwuliza habari ya pazia alinijibu kwamba nyuma yake analia kwa raha zaidi. Namheshimu kwa jibu hilo, nami nisingeweza kulitoa.

Talaka ndiyo inayohitaji macho makali. Kwa halaka, ndoa huvunjwa kwa hati ambayo mume humpa mke kwa hiari yake. Asipoitoa, mke hubaki amefungwa. Huitwa aguna, na akizaa na mume mwingine watoto hao hukutana na kizuizi kizito cha ndoa katika Orthodoksi. Katika miaka ya 1950 Masorti walianza kutia kifungu katika mkataba wa ndoa ili kumlinda mke dhidi ya hali hii. Mageuzi ya Marekani kwa kawaida huitambua talaka ya serikali na hayadai hati. Ushauri wangu ni kwamba hata wa Mageuzi, ndoa ikivunjika, waichukue hati hiyo kwa marabi wanaotambuliwa na wote. Mnaowahangaikia wakati ule si nyinyi wawili tena, ni watoto.

Kuhusu kaburi, ambalo kwa watu wa kwetu ni swali la ukoo mzima: makaburi ya Orthodoksi hayampokei mwenzi asiye Myahudi. Mageuzi kwa kawaida humpokea. Kwa Masorti itategemea jumuiya, na baadhi zimetenga sehemu maalumu. Ulizeni mapema, mkiwa wazima.

Israeli, na huku kwetu

Hata asiyefikiria kuhamia Israeli ana sababu ya kuijua sheria yake, kwa kuwa watoto hufikiria wasiyoyafikiria wazazi. Sheria ya Kurudi ya mwaka 1950, ilivyorekebishwa mwaka 1970, humpa haki ya uraia si Myahudi tu bali pia mtoto na mjukuu wa Myahudi pamoja na wenzi wao. Ndoa ni mlango mwingine kabisa: kwa Wayahudi wa Israeli iko mikononi mwa mamlaka ya marabi wa Orthodoksi, na hakuna ndoa ya kiserikali, ndiyo maana wengi huvuka kwenda Kupro kuoana. Kwa hiyo binti wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi, aliyelelewa katika Mageuzi, anaweza kupewa pasipoti na kuitwa jeshini, kisha akaambiwa kwamba hawezi kufunga ndoa ya Kiyahudi katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba walioongoka ndani ya nchi kupitia Masorti na Mageuzi wana haki ya uraia. Mlango wa ndoa ulibaki ulivyokuwa.

Jambo hili limewagusa Wayahudi wa Uganda kwa uchungu. Abayudaya wa karibu na Mbale wanafuata njia iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, mwaka 1919, alipojitahiri yeye na wanawe baada ya kuisoma Torati katika Biblia ya wamisionari. Walipita katika miaka ya Idi Amin wakisali kwa siri. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles na kutawazwa mwaka 2008 katika tawi la Konsavativu, na baadaye akawa mbunge. Sehemu kubwa ya jamii iliongoka rasmi mbele ya marabi wa tawi hilo. Wale wa kijiji cha Putti walichagua Orthodoksi. Mwaka 2016 Wakala wa Kiyahudi, shirika linaloshughulikia wanaohamia Israeli, uliitambua jamii hiyo, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimkatalia mmoja wao haki ya kuhamia. Watu walioshika Sabato kwa karibu karne moja, wengine chini ya udikteta, wanaulizwa vyeti na watu wasioishika. Siwezi kuliandika hilo bila kuona haya kwa niaba ya waulizaji.

Kwa mkaaji wa Afrika Mashariki, basi, uchaguzi wa matawi ni finyu zaidi kuliko wa Philadelphia. Uganda kuna Masorti na Orthodoksi. Nairobi kuna sinagogi moja la zamani, kwenye kona ya Uhuru Highway, lenye ibada za Orthodoksi. Anayetaka Mageuzi atajikuta akisoma kwa mbali.

Ningemwelekeza nani wapi

Mtu mseja anayetaka kuongoka, mwenye nguvu ya kuhama mtaa na kubadili jiko, na anayetaka asiulizwe tena na mtu, aende Orthodoksi, hata kama moyo wake unavutwa na nyimbo za Mageuzi. Bei ni kubwa lakini hulipwa mara moja; kwingine hulipwa kidogo kidogo, kila mpakani na kila harusini. Aangalie tu kwamba mahakama ya marabi atakayoiendea inatambuliwa na wengine, kwa sababu hata ndani ya Orthodoksi wapo wasiotambuana. Mwanamke anayeongoka ajue pia kwamba, kwa Orthodoksi, hawezi kuolewa na kohani, yaani mwanamume wa ukoo wa makuhani. Kama mchumba wake ni kohani, ni afadhali alijue hilo siku ya kwanza ya masomo kuliko ya mwisho.

Wenzi ambao mmoja ataendelea na dini yake, na ambao mama ndiye Myahudi, wana uhuru mkubwa: mtoto wao anatambuliwa na Orthodoksi na Masorti kwa nasaba, na Mageuzi humtambua akilelewa katika Uyahudi, kwa hiyo wanaweza kuchagua Mageuzi kwa ajili ya makaribisho bila kumfungia mtoto mlango. Wenzi ambao baba ndiye Myahudi hawana uhuru huo. Kwao naona Masorti ndiyo njia ya kufikiriwa kwanza, kwa sababu uongofu wa mtoto mchanga humpa nafasi katika matawi mawili badala ya moja, na haumdai mama kuikana imani yake. Mageuzi nayachagua badala yake pale ambapo mama mwenyewe anataka kushiriki kikamilifu, kusimama na mtoto wake mbele ya Torati na kuzikwa karibu na mumewe. Hayo si mambo madogo, na nimemwona mwanamke akiyachagua kwa macho mawazi.

Wasioamini Mungu wana njia pia. Warekonstraksheni, waliofuata mawazo ya rabi Mordecai Kaplan wa Marekani, huuona Uyahudi kama ustaarabu wa taifa zima, na Uyahudi wa Kihumanisti, ulioanzishwa Michigan katika miaka ya 1960, huadhimisha sikukuu bila sala. Jumuiya hizo ni chache na ni vigumu kuzipata nje ya miji mikubwa.

Sisi tulichagua Masorti. Binti yetu alizamishwa akiwa na miezi minane. Baba yake aliingia naye majini hadi kifuani, akampulizia usoni ili azibe pumzi, akamwachia kwa nukta moja ili maji yamguse kila mahali bila mkono kumshika, kisha akamnyanyua akilia. Mara tatu. Mama yangu aliniuliza kwa simu kama ule ni ubatizo, nikamwambia hapana, na kwamba maji ni yale yale aliyobatizwa ndani yake Yesu kabla hapajakuwa na kanisa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mtoto amepata mafua.

Kuna kifungu ambacho rabi alitueleza siku ile, na ambacho ningependa kila mzazi akisikie kabla ya kusaini. Aliyeongolewa utotoni ana haki ya kukataa anapofikia umri wa amri, miaka 12 kwa msichana na 13 kwa mvulana, na akikataa wakati huo anahesabiwa kana kwamba hakuwahi kuongolewa. Binti yetu sasa ana miaka minne. Tumekubaliana kumweleza haki hiyo mapema, kabla hajaanza kuandaliwa kwa bat mitzva na kabla ya wageni kualikwa, ili siku atakapoulizwa asijibu kwa kutuonea huruma sisi.